Uhamisho wa Mtoto wa Gredi ya Nne

Mimi ndiye niliyeharibu. Nasema mapema, kabla mtu hajatafuta wa kulaumu.

Tulikuwa tumekaa wiki tatu katika nyumba salama ya kuwahifadhi wanawake waliotoroka vipigo, huko Kitale: mimi, kitinda mimba wangu wa kubebwa mgongoni, na dada yake wa Gredi ya Nne. Tulitoroka Sirisia mchana, mume wangu akiwa sokoni, mkono wangu mmoja haunyanyuki kwa vile alivyonipiga na mpini wa jembe. Hakujua tuliko, na matroni wa nyumba hiyo alitaka ibaki hivyo.

Sasa yule msichana alipenda shule ajabu. Kila asubuhi akisikia watoto wakipita nje ya ukuta, anavaa sare yake ya Sirisia na kukaa kitandani. Hiyo ilinikata maini. Nikamwendea matroni.

"Vumilia kidogo, mama," akasema. "Afisa wa watoto anashughulikia. Mambo ya uhamisho yana hatari yake."

"Tuvumilie mpaka lini? Ati mpaka aolewe akiwa humu?" Mdomo wangu huu! Nilidhani ananizungusha tu.

Jumatatu nilimshika mtoto mkono, nikampeleka mwenyewe shule ya karibu. Walimpokea siku hiyo hiyo. Wakasema limebaki jambo dogo tu, shule ya zamani imwachilie kwenye mtandao wa serikali ndipo jina lihamie kwao. Nikawatajia ile shule ya Sirisia bila kufikiri. Mwalimu mkuu wa huko nyumbani akaona ombi kwenye kompyuta, shule ya Kitale imeandikwa wazi. Si mtu mbaya, bana. Alikuwa amemwona mume wangu akilia kanisani ati familia imepotea, basi akampigia simu kwa furaha kwamba mtoto amepatikana.

Alhamisi msichana hakurudi. Bawabu wa shule akaniambia baba yake amemchukua, wamesalimiana vizuri, mtoto hata hakulia. Woi! Niliketi chini pale getini nikapiga mayowe. Na Mungu anisamehe, nilimkasirikia mtoto. Yaani amemchagua yeye?

Ilichukua siku kumi na moja kabla ya afisa wa watoto kutoka Bungoma na polisi wawili kumrudisha. Alikuwa amekonda, alama za mshipi zimejaa miguuni. Matroni hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilipokuwa namwosha nilimuuliza kwa nini alimfuata baba yake kimya kimya vile.

"Ningekimbia kuja hapa, si angenifuata mpaka kwako?" akasema. "Kila siku alikuwa ananiuliza uko wapi. Nikasema ulienda Nairobi ukaniacha."

"Kila siku?"

"Kila siku. Akinichapa nasema tu Nairobi."

Ana miaka kumi. Niliendelea kumwagia maji miguuni.