Ngozi ya Iritungu

Tangu operesheni ya vijiji iwapange mstari mmoja hapa Nyansurura, Gati alimjua jirani yake, fundi redio, kwa masikio. Kila jioni alisikia sindano ya santuri ikirudishwa palepale gitaa la kizungu linapolia kama mtu aliyekabwa na machozi. Kisha gitaa la fundi hufuata, likateleza, likaanza upya. Fundi alilipitisha kwa waya kwenye redio kuukuu, ile ya valvu, taa za kioo za ndani, akiingoja ipate moto huku akiipapasa kama ndama mgonjwa. "Sauti bado imetakata mno, mama, haikwaruzi kama ya santuri," humwambia Gati.

Karatasi ya spika ilipochanika, fundi alikuja kwa Gati na shikamoo yake, akasimama mlangoni akisugua vidole vyenye sugu. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye iritungu, zeze kubwa la Kikurya, lililopasuka la marehemu mume wa Gati, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Gati alilitungua mwenyewe, akakata kipande cha ngozi yake cha kuzibia spika.

Jioni ile gitaa lilitoka na mkwaruzo wa iritungu la marehemu. Gati akaacha kupepeta ulezi.

"Ndiyo yenyewe, mama?" fundi akauliza kutoka kwake.

"Usinisemeshe. Piga."

Fundi akaigeuza spika ikaelekea mlangoni kwa Gati, akaanza upya.