Mapengo Niliyoyakata Kwenye Wimbo

Katika duka moja la vyombo vya muziki mjini Arusha kulikuwa na mashine ya DJ iliyometameta taa za kila rangi kama basi la usiku. Muuzaji aliipenda, na mimi nikaipenda papo hapo. Mdogo wangu, ambaye ndiye DJ na ndiye aliyekuwa ananunua, aliizunguka mara moja akauliza:

"Hii inakula umeme wa ukutani au wa laptopu?"

"Wa ukutani, dada. Hii ni ya ukumbini."

"Ukumbi wangu hauna ukuta."

Muuzaji alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Sisi ni Wambulu wa Kansay, Karatu, na kazi nyingi za mdogo wangu zilikuwa sherehe za vijijini, uwanjani, mahali ambapo umeme ni ule uliokwenda nao mwenyewe. Akachagua kontrola ndogo nyeusi, nyembamba kama sinia, inayopata umeme kupitia waya uleule unaoiunganisha na laptopu. Kabla ya kuilipia alifumba macho akapapasa vitufe vyake kimoja kimoja. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Kaka, nikiwa kazini naangalia watu. Sina muda wa kuangalia vidole."

Mimi ni fundi umeme. Nimeona watu wengi wakinunua vifaa, na wengi hununua kwa macho, kama nilivyotaka kununua mimi siku ile. Yeye alinunua kwa kuikumbuka kazi yake. Tangu hapo, mtu akiniuliza achague mashine gani, humwambia kwanza anieleze atapigia wapi, nani atasikiliza, na umeme utatoka wapi. Akijibu hayo matatu, mashine inakuwa imeshajichagua.

Kwa asiyeijua, kontrola yenyewe haina muziki ndani. Nyimbo zimo kwenye laptopu; kontrola ni mikono tu. Ina sahani mbili za kuzungusha, moja kwa kila wimbo, ili wimbo wa pili uuandae kwenye hedifoni wakati watu bado wanacheza wa kwanza. Katikati kuna vishikio vya kupandisha na kushusha sauti. Kuna kitufe cha sinki, ambacho huhesabu mapigo ya nyimbo mbili na kuzifanya ziende mwendo mmoja. Na chini ya kila sahani kuna pedi nane za mpira, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Pedi ni za kuwekea alama. Ukipenda sehemu fulani ya wimbo, unaitia alama kwenye pedi, na ukiibonyeza wimbo unarukia hapo. Kama wimbo umeusimamisha, pedi inakuwa na tabia nyingine: sauti inatoka kwa muda ule tu ulioishikilia, ukiachia inakatika. Hilo la mwisho nililiona dogo. Nilidhani ni la kuchezea.

Kazi ya Kakesio, kijiji cha Wamaasai, tuliletewa na kijana mmoja wa huko anayeongoza watalii Karatu. Dada yake alikuwa anaolewa. Alitaka muziki wa vijana wa mchana kutwa, na alitaka kitu kimoja zaidi. Bibi yao mzaa mama, ambaye wao humwita koko, alikuwa amemwahidi bibi harusi kwamba siku ya kuondoka nyumbani atamwimbia mwenyewe. Alipougua akaona siku haitamkuta, akamwita mjukuu huyu mwongoza watalii, akaimba mbele ya simu. Kisha akafariki. Sasa mama wa bibi harusi aliomba jambo moja tu: sauti ya mama yake imtoe mwanawe bomani, kama ilivyoahidiwa.

Kijana alinitumia rekodi. Nilikuwa nimeanza kujifunza kusafisha sauti kwenye kompyuta ya nyumbani, na nikamwambia mdogo wangu aniachie kazi hiyo. Niliondoa mvumo wa upepo. Niliondoa mbuzi. Koko aliimba mstari, akanyamaza, akaimba mwingine, akanyamaza tena, na nikahesabu ukimya ule kuwa ni mgonjwa anayevuta pumzi. Nikaukata wote. Mistari saba ikafuatana vizuri, imenyooka, kama kwaya ya kanisani kwetu inayofuata kinanda. Sikujua Kimaasai, na sikumuuliza mtu.

Tulifika Kakesio asubuhi baada ya kulala njiani, gari limebadilika rangi kwa vumbi. Nilitandaza paneli za sola juu ya gari, nikafunga betri na inveta, nikaunganisha spika mbili. Mzee mmoja mwenye shuka jekundu alikuja na fimbo yake, akaitazama kontrola iliyowekwa juu ya meza.

"Wambulu," alisema, "mmetuletea cherehani?"

"Ndiyo, mzee," mdogo wangu akajibu. "Lete kitambaa."

Mzee alicheka mpaka akashika magoti, akaenda kuwasimulia wenzake, na kutoka hapo tukawa watu wa cherehani. Vijana walicheza. Walipoanza kuimba na kuruka wenyewe, mdogo wangu hakujaribu kuwawekea ngoma chini yake. Alishusha sauti kabisa akasubiri. Nilimnong'oneza kwamba sinki ingeweza kuwafuata.

"Sinki inajua kuhesabu," akasema. "Haijui kuwa pale kuna mtu anayeruka."

Jua lilipokuwa limeanza kuegemea, bibi harusi alitolewa. Alisimama karibu na lango la boma, kichwa kimeinama, shanga zake zikilia kwa kila hatua. Kwa desturi yao akishatoka hageuki nyuma, kwa hiyo alichotakiwa kusikia ilikuwa lazima akisikie hapo. Wanawake walijipanga. Mama yake alitutazama, nasi tukaanzisha rekodi.

Sauti ya koko ilitoka safi, na nilijisikia fahari kwa pumzi moja tu. Ulipokwisha mstari wa kwanza wanawake wakaitikia kwa pamoja, na kabla hawajafika popote koko akawaingilia na mstari wa pili. Wakanyamaza, wakajaribu tena. Akawaingilia tena. Kwenye mstari wa nne mwanamke mmoja akacheka kwa aibu, mwingine akaziba mdomo kwa kanga, na mama wa bibi harusi akatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa. Koko hakuwa akipumzika mbele ya simu. Alikuwa anawasubiri. Aliwasikia akilini mwake wakiitikia, akiwa peke yake kitandani, na mimi nilikuwa nimewafuta.

Mdogo wangu alizima.

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Nyumbani."

Hakunilaumu. Angeweza, na mbele ya watu wale ingeniuma, lakini alikuwa tayari anafikiria. Alimwendea mama.

"Yeyo, samahani," akasema. Yeyo ndivyo wao wanavyomwita mama. "Mama yako akimaliza mstari, ninyi mnaimba kwa muda gani?"

Mama alimshangaa. "Mpaka tumalize."

"Basi njoo unisaidie. Dakika chache tu."

Akamleta mezani akamvisha hedifoni, taratibu, zisivute mapambo ya masikio. Akamwambia: kila mama yako anapoanza mstari, nigonge bega. Kisha akarudisha rekodi mwanzo.

Watu wote walikuwa wakiutazama uso wa yule mama. Spika zilikuwa kimya. Ni yeye peke yake aliyesikia. Machozi yalimtoka lakini mkono wake haukukosea. Uligonga bega la mdogo wangu, na mdogo wangu akabonyeza pedi, ikawaka. Akagonga tena, ya pili ikawaka. Mpaka zikawaka saba, na ya nane ikabaki giza.

"Sasa," mdogo wangu akasema, "wewe inua mkono ukiwa tayari, na uushushe mstari ukiisha. Mimi nakufuata wewe."

Mama akarudi kwa wenzake. Bibi harusi hakuwa amesogea. Mkono ukainuka, mdogo wangu akashikilia pedi ya kwanza, na koko akaimba. Mstari ulipokwisha mkono ukashuka, naye akaachia kidole, spika zikakatika, na wanawake wakaitikia hadi mwisho, kwa urefu walioutaka, wengine wakiongeza vibwagizo vyao. Koko akangoja. Alingoja kama mtu aliye hai anavyongoja, kwa sababu aliyekuwa anangoja kweli alikuwa hai: msichana wa Kansay asiyejua neno moja la wimbo ule, macho hayatoki kwenye mkono wa yule mama, vidole vikijua njia yao juu ya mpira. Mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Majibu hayakulingana urefu hata mawili. Hakuna kitufe duniani ambacho kingeyapima.

Mstari wa sita ulipoitikiwa, bibi harusi alianza kutembea. Alipita langoni, hakugeuka. Mdogo wangu alikuwa na kidole juu ya pedi ya saba, anangoja mkono.

Mkono haukuinuka. Mama alimtazama binti yake akienda, mpaka wale waliomsindikiza wakamficha, kisha akaja mezani pole pole akiwa amejishika kiuno kama mtu aliyetoka shambani.

"Yeyo, bado mmoja," mdogo wangu akamwambia.

"Najua. Huo uache."

"Niufute?"

"Usifute. Nina binti mwingine."

Mdogo wangu alitikisa kichwa kukubali, akahifadhi alama zote saba kama zilivyo. Halafu akanigeukia, na kwa upole uleule akanitajia kazi yangu: tukifika nyumbani nisirudishe tu ukimya wa mwanzo, nimpigie simu yule kaka wa bibi harusi, awakalishe akina mama wamwimbie majibu yote, ili nijue kila pengo linahitaji nini.

"Na safari hii," akasema, "uulize."

Niliuliza. Ilinichukua wiki mbili, na wakati wote huo akina mama walinisahihisha kwa simu, wakicheka, wakiniita fundi cherehani.