Siku Niliyowapa Bukini Lusini Bila Kuikata

Hii ni aibu yangu mwenyewe, na nawasimulia kwa sababu wanawake wa kikundi chetu pale Ujiji wameshaisimulia vibaya zaidi ya ilivyokuwa (na ilivyokuwa ilitosha).

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi kwetu. Kikundi chetu kilikuwa na mabata bukini kumi na wawili, wale wakubwa wenye shingo ndefu, na walilelewa uani kwangu. Aliyenifundisha kuwalisha ni Spesioza, mama aliyekuwa akitoka kambini kwa kibali kuja kunisaidia bustani. Ndiye aliyepanda lusini, majani ya mifugo ambayo ukiyakata leo yanachipua tena, na kila asubuhi aliyakatakata kama mchicha, akachanganya na pumba na kuweka maji pembeni.

"Usiwape mazima, dada," alinionya. "Bukini hatafuni, anameza tu."

Basi ikaja siku ya wageni waliotaka kuona mradi wetu, huenda wakatuongezea banda. Mimi, kwa ujanja wangu, nikawashindisha wale ndege njaa tangu jana yake ili wageni waone wanavyokula kwa hamu. Asubuhi Spesioza akachelewa bustanini, mimi bado nanyoosha kitenge, mara nasikia hodi, ndiyo nikabeba mzigo mzima wa lusini, tena ile iliyokomaa, nikaumwaga chini. Kisu kilikuwa pale pale dirishani.

Wageni wakafurahi, wakapiga makofi. Halafu dume kubwa, tuliyemwita Balozi, akaanza kunyoosha shingo na kufungua mdomo bila sauti. Gole, ule mfuko wa chakula shingoni, likavimba kama embe. Akayumba, akaanguka juu ya kiatu cha mgeni, na nyuma yake majike wawili nao wakaanza kuyumba.

"Wamekula nini hawa?" akauliza mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hamisi.

Watu wote wananitazama, nami nimevaa kitenge kipya, mdomo ukajibu kabla yangu: "Majani ya Spesioza."

Sikusema sumu, naapa. Aliyesema sumu ni mtu wa uzioni (walishajaa pale), na neno likaruka: "Mkimbizi kawalisha sumu!" Spesioza ndiyo anaingia na jembe begani. Mwanamume mmoja akamnyang'anya jembe, mwingine akamshika mkono. Mzee Hamisi akamwambia atoe kibali, na kibali kilikuwa kimeisha siku mbili nyuma. Mimi nilijua. Nikainama kukung'uta kitenge changu.

Yeye hakujitetea. Alimwona Balozi chini.

"Mana yanje, Mungu wangu! Niachieni, anakufa huyu! Dada, lete mawese!"

Nikaleta. Akapiga magoti, akamtia matone machache mdomoni, akalisugua lile gole polepole kwenda juu, kisha akaingiza vidole viwili na kuanza kuvuta. Ukatoka ubua wa lusini, mrefu kama mkono wa mtoto. Ukatoka wa pili. Wa tatu. Balozi akakohoa, akasimama, na Spesioza akawageukia majike.

"Hii haikukatwa," akasema Mzee Hamisi. "Nani aliwapa?"

Spesioza alijua. Hakunyanyua hata macho.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Nilikuwa navaa. Yeye alinikataza."

Kuna mwanamke alicheka, wageni wakaagana haraka, na banda hatukulipata. Hayo ningeyabeba. Lakini Mzee Hamisi alisema kibali kilichokwisha kimeshaonwa na watu wote, hawezi kujifanya kipofu, na mchana ule ule Spesioza akapandishwa gari la kurudi kambini. Nililifuata likiwa linaondoka, ninalia, nikamwomba radhi kupitia dirishani.

Akanitazama kidogo. "Wale majike usiwape kitu leo, dada," akasema. "Maji tu."

Majike walipona. Spesioza sikumwona tena. Siku hizi kitu kikiharibika mikononi mwangu na watu wakauliza ni nani, jina langu ndilo ninalolitanguliza, hata kabla sijajua kosa lenyewe.