Kihenge cha Mpigania Haki

Juzi Kahama niliona kitabu cha maisha ya mpigania haki wetu. Eti alisimama peke yake langoni mwa zizi, akamzuia bwana mifugo wa Mwingereza asichukue ng'ombe wetu kwa amri ya kupunguza mifugo.

Alasiri ile nilikuwepo. Zizi lilinuka samadi mbichi, na aliyelala langoni alikuwa mama.

"Bwana mifugo, anza kunikanyaga mimi."

Shujaa alikuwa kwenye kihenge chetu cha mtama, akininong'oneza, "Funika, mwanangu." Nilidhani tunacheza kujificha, nikafunika vizuri.

Ng'ombe walibaki. Uzeeni mama alimsimulia mwandishi yote hayo, akamkaribisha maziwa mgando. Nimemtafuta kitabuni mara mbili. Yumo kwenye shukrani: "mama mkarimu wa maziwa".