Bwana Harusi Juu ya Fungu la Mchanga

Hili ninalowasimulia, wenzangu, mume wangu akilikumbuka mpaka leo anatoka kwenda uani kucheka peke yake, mimi nabaki jikoni uso umenishuka, kwa hiyo mkicheka chekeni, ila msiende kulirudia sokoni Mwembesongo, maana nusu ya soko wameshalisikia na nusu iliyobaki ndio wateja wangu wa iliki na mdalasini. Nilijiaibisha mbele ya wakwe, na kilichoniponza ni wivu, sina cha kusingizia.

Wivu wenyewe una jina, unaitwa Rukia. Huyu Rukia ni mtalaka wa mume wangu (waliachana kabla mimi sijajuana naye, sikumpora mtu mimi), mwanamke wa pwani, mrefu, ana macho ya kurembua na Kiswahili kile cha kubembea, akikuomba chumvi utadhani anakusifia. Kuachana waliachana, lakini mama mkwe wangu hajamwacha hata siku moja. Rukia akipata mtu anayekuja Morogoro lazima ampe papa mkavu wa kumletea, na mama mkwe akishaonja anafumba macho anasema, "Huu ndio mkono wa Rukia," mbele yangu mimi niliyemkaangia vitunguu na kumtilia nazi huyo papa!

Sasa shemeji yangu Idrisa, mdogo wake mume wangu, katika wasichana wote wa milimani na wa mjini hapa hakuona wa kumuoa ila mtoto wa dada yake Rukia. Kwao huyo binti ni kijiji cha ng'ambo ya ghuba, kupita Bagamoyo, kwa barabara ni kuzunguka porini na mvua ikinyesha hupiti, kwa hiyo msafara wa bwana harusi ulikuwa lazima uvuke kwa boti. Nikaha ikapangwa Jumamosi saa nne asubuhi, na tukaambiwa mapema tusichelewe, kwa sababu shehe wao alikuwa na nikaha nyingine mbali siku hiyohiyo, akishaondoka ndiyo basi, na baba wa binti ni mtu wa msimamo, alishamkataa mchumba mmoja kwa kuchelewa tu. Mama mkwe akaitisha kikao sebuleni kwangu, akampigia Rukia, akaweka spika, watu wazima wote tukakaa kimya kusikiliza sauti ya mtalaka wa mume wangu ikijaa nyumbani kwangu.

"Jumamosi hiyo mwezi mpevu, mama," Rukia akasema, "bahari iko kwenye bamvua. Maji hujaa sana alfajiri, na yakitoka hutoka sana, mafungu yote ya mchanga yanabaki nje. Mkishaswali alfajiri tu mpande boti. Kwa hiyo njooni Ijumaa mlale kwangu hapa Bagamoyo, nyumba kubwa, nafasi ipo."

Mlale kwangu! Nikamgeukia mume wangu, namkuta anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Kweli," akasema, "nyumba ile ina upepo mzuri."

Upepo. Miaka yote hiyo, na upepo bado anaukumbuka! Tangu hapo sikusikia kingine kilichosemwa kwenye kile kikao, nilikuwa naona mikeka tu imetandikwa, na dirisha, na pazia linapepea, na Rukia anapita na kikombe cha maziwa ya tangawizi kumuuliza mtu kama amelala. Nikasema moyoni, thubutu.

Kesho yake nikamwambia mama mkwe, "Mama, nimeongea na Rukia, anasema tusihangaike kwenda kulala. Bamvua ni maji mengi, hata tukipanda boti saa mbili asubuhi tunavuka vizuri tu." Halafu nikajificha bafuni nikampigia Rukia mwenyewe, nikamwambia tutalala Bagamoyo kwa ndugu zetu na alfajiri tutakuwa ufukweni, yeye atangulie ng'ambo akawasaidie wenzake kupika. (Ndugu zetu wa Bagamoyo ndio wapi? Sina ndugu Bagamoyo.)

Na msidhani nilitaka kumharibia Idrisa, wallahi sikutaka. Mimi ni mtu wa Kinole, maji ninayoyajua ni ya mto, na mto mvua ikinyesha juu mlimani unajaa, ukishajaa unakaa umejaa, unaweza kukwama ng'ambo na mkungu wako wa ndizi mpaka ukaamua kuula. Nikajiambia kama alfajiri bahari imejaa, kufika saa mbili itakuwa imekwenda wapi, na ukubwa wote ule?

Basi tukaondoka Morogoro usiku na kosta ya kukodi, mikungu ya ndizi za zawadi imejaa juu mpaka kwenye njia ya katikati, tukafika ufukweni jua limeshachomoza. Jambo la kwanza nililoliona ni boti, iko mbali, maji yenyewe yameshaanza kusogea nyuma, ikabidi tukunje nguo tuifuate. Nahodha alikuwa amenuna.

"Nimewasubiri tangu alfajiri," akasema. "Sasa hivi maji yanakimbia."

"Si Rukia kasema saa mbili?" akauliza mjomba wao, ndiye mkuu wa msafara.

"Mimi Rukia aliniambia..."

"Jana alibadilisha!" nikamkata. "Nahodha, washa mashine, baba, tunachelewa harusini!"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Nahodha akaniangalia, akaangalia maji, akasema haya, tubahatishe.

Tukaenda, vigelegele tunapiga, nimemkalia mume wangu ubavuni na gauni langu la pinki, nikijiona mshindi, nahodha anapinda kushoto, anapinda kulia, anachungulia rangi ya maji, na mimi nikawa nawaambia wenzangu huyu mzee ana madoido. Tulishaiona minazi ya kijiji chao na paa la msikiti. Tukashtukia boti imetulia, bila kishindo, imetulia tu kama mtu aliyekaa. Nahodha akarudisha mashine nyuma, ikatifua tope. Wanaume wakashuka kusukuma, maji yako magotini, wakasukuma, maji yakawa kwenye vifundo, mikungu ile ya ndizi ikateremshwa ili boti iwe nyepesi, na ilipomalizika kuteremshwa maji hayakuwepo kabisa.

Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile, bahari nzima imetoweka, tumebaki juu ya mchanga na kaa wanatupita, bwana harusi kavaa joho na kilemba, viatu ameshika mkononi. Na ng'ambo wanatuona! Tunasikia dufu lao, mara likanyamaza, watu wakajipanga ufukweni kutuangalia.

"Shehe ataondoka," Idrisa akasema. Alisema polepole, na mimi moyo ukaniuma kweli.

Lakini mama mkwe alishaanza. "Rukia katufanyia makusudi! Nimemfanya mwanangu, kumbe ana kinyongo cha talaka yake!"

Sasa mimi, badala ya kunyamaza, nikasema nini? Nikasema, "Mtalaka ni mtalaka, mama." Sijui ulimi ule niliutoa wapi.

Kwa mbali tukaona kundi la watu linatujia kwa miguu juu ya mchanga, mahali penye mkondo wanapandisha nguo wanavuka, mbele kabisa kanga imefungwa kiunoni, nikaujua mwendo ule kabla sijaiona sura. Rukia! Nyuma yake baba wa binti, shehe, wazee wawili na wanawake wenye mabirika ya chai.

"Shikamoo mama," akasema akitweta. "Nimewaona mmekwama, nikasema maji yakitoka si yametoka kwa wote? Shehe hawezi kusubiri yarudi, basi tumemleta. Baba wa binti huyu hapa, mashahidi hawa hapa."

Mama mkwe hakuitikia hata shikamoo. "Kwa nini ulituambia saa mbili, Rukia?"

Rukia akashangaa. Akanitazama mimi, nami nikawatazama kaa. Akaelewa, nikaona kabisa anaelewa, halafu akainamisha kichwa akasema kwa sauti ile yake, "Nisamehe mama. Labda nilikosea hesabu."

Mngekuwa nyinyi mngeshukuru. Mimi nikaona mume wangu anamwangalia kwa huruma, anamwangalia huyu mwanamke mwema anayejibebesha kosa, na wivu ukanipanda mpaka masikioni, nikasema moyoni yaani hata wema auchukue yeye, mimi nibaki na nini? Nikapiga kelele, "Hakukosea! Ni mimi! Saa mbili nilisema mimi! Sikutaka mume wangu alale kwake!"

Shehe akakohoa. Halafu mmoja wa wale wanawake wa mabirika akaangua kicheko, wote wakafuata, mpaka mjomba, mpaka baba wa binti aliyekuwa amekunja uso, akajifuta machozi akasema, "Shehe, funga nikaha hii upesi kabla hawa watu wa mlimani hawajatuletea jingine."

Wakatandika kanga mbili mchangani, katikati ya mikungu ya ndizi, Idrisa akaozeshwa pale, akaitika kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Kisha wote wakaanza kuondoka kwa miguu kwenda kula. Nikavua viatu niwafuate.

"Wewe baki," mama mkwe akasema. "Ndizi haziwezi kuachwa peke yake. Saa hii umeichagua mwenyewe, kaa nayo."

Nikakaa juu ya mkungu, na nahodha aliyenuna, nikawaangalia wanavyokwenda. Mume wangu amebeba viatu vya mama yake, na pembeni yake, kanga kiunoni, anamwonyesha pa kukanyaga, nani? Niliwanyima usiku mmoja kwenye nyumba iliyojaa watu, nikawapa bahari nzima watembee mchana kweupe.

Alirudi kabla maji hayajajaa, na sahani ya pilau imefunikwa kawa.

"Nani kapakua?" nikauliza.

Akanifunulia kawa. Nikala yote. Mkono wa Rukia mtamu, nakiri.

Mpaka leo manahodha wa kule fungu lile wanaliita Fungu la Mama Pinki. Nimeapa saa za bahari sizigusi tena. Mwezi ujao tunakwenda kumwona mtoto wa Idrisa, tunalala kwa Rukia, nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila mkeka wangu nautandika mlangoni.