Hina Kwenye Paji la Ghzala

Nilirudi kutoka swala ya Ijumaa nikakuta kufuli la banda limefungwa kama nilivyoliacha. Ndani, farasi wangu Ghzala alikuwa anagaagaa chini, jasho linamtoka, na kwenye paji lake kuna hina mbichi.

Sikumpaka mimi. Na ufunguo ninao mimi, au ndivyo nilivyodhani.

Daktari wa mifugo alimwingizia bomba la mpira puani, akamtolea uji mzito wa ngano. Msokoto wa tumbo. Akaniambia ukitokea tena, huenda tukamzika.

Huku Dukkala, Moroko, farasi si wa mkokoteni tu. Ghzala alikuwa wa marehemu baba, na ndiye aliyeongoza safu yetu kwenye mbio za baruti, ambapo wapanda farasi hukimbia safu moja na kufyatua bunduki kwa pamoja. Msimu ulikuwa unakaribia. Akikosekana, nafasi ya mbele inakwenda kwa safu ya Bouazza.

Basi nikajua ni Bouazza. Ushahidi sikuwa nao.

Nikaenda kwa wakili, Bi Sebti. Akauliza nani aliyemwona mtu akiingia. Hakuna. Akanipangia vizuri: pata cheti cha daktari, piga picha za banda, kisha peleka malalamiko kwa jandarma, polisi wa huku mashambani, dhidi ya mtu asiyejulikana. Kuingia kwenye eneo la mtu ni shauri moja, kumdhuru mnyama wake ni lingine, na fidia inadaiwa peke yake. Mtego nisiweke, mtu nisimpige.

"Na jina la mtu usilitaje kwa kuhisi," alisema. "Ukilitaja bure, atakayeshtakiwa ni wewe."

Niliyafuata yote, isipokuwa hilo. Kwa jandarma nilisema Bouazza. Sokoni nikalirudia, tena kwa sauti.

Nyumbani sikusema kitu. Habari ya ngano niliificha, nisije nikamshtua mbaya wangu.

Bouazza aliitwa kuhojiwa. Tulipishana mlangoni mwa kituo, wanawe wakiwa nyuma yake.

"Nafasi ya mbele chukua, mwanangu, nakuachia," aliniambia taratibu. "Ila jina langu utalirudisha."

Nikafunga kamera bandani, inayotuma picha kwenye simu yangu.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa msikitini, simu nimeizima. Niliporudi, Ghzala alikuwa amelala tena. Daktari alikuja haraka, lakini safari hii utumbo ulikuwa umejisokota. Alikufa kabla ya alasiri.

Ndipo nikatazama picha.

Mlango wa banda ulifunguliwa kwa ufunguo. Aliyeingia ni shangazi Rqia, dada yake baba, anayeishi ng'ambo ya ua wa mipungate. Mkono mmoja kibakuli cha hina, mwingine sahani ya kuskusi, chakula chetu cha ngano cha Ijumaa, imejaa pomoni. Alimpaka hina ya kuzuia husuda, akamlisha mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Nilipomwonyesha, aliketi chini.

"Baba yako alikuwa anampa tonge la kwanza la kuskusi kila Ijumaa," alisema. "Nikaona farasi yatima amesahauliwa. Mbona hukuniambia kilichomuumiza?"

Baba alimpa tonge. Yeye alimpa sahani nzima.

Bi Sebti hakunifariji. Shamba ni la babu, halijagawanywa, na shangazi ni mrithi pia. Ufunguo ni haki yake, na kuingia kwake si kosa. Ya farasi ningeweza kumdai. Sikumdai.

Kwa hiyo, ukikuta mtu amemchezea farasi wako: daktari, picha, malalamiko bila jina. Na kabla ya hayo yote, waulize wa nyumbani kwako.

Bouazza amenishtaki kwa kumchafulia jina, na kesi inasikilizwa mwezi ujao. Shahidi wake wa kwanza ni shangazi Rqia.