Funika Miguu, Jua Linatua

Kuna siku moja inayonijia kila ninapowaona mmekaa nje jioni, simu mkononi, miguu mitupu. Naikumbuka vizuri kwa sababu siku hiyo nilianza kumchukia mtu aliyekuwa akiniokoa. Mwanangu, sogea hapa karibu nikusimulie. Hiyo simu iweke kando kidogo, haitatoroka.

Mimi nilizaliwa Kikima, huko juu Mbooni, ambako baridi ya jioni hukuingiza ndani bila kuambiwa na mtu. Msichana wa kwetu alijua kusuka kiondo, kile kikapu chetu cha mkonge, kabla hajajua kusoma, na jioni tulisukia jikoni, moto unawaka, moshi unatutoa machozi. Habari za mbu tulizisikia kwa wageni tu. Kisha nikaolewa, nikateremka na begi langu hadi nchi ya joto, upande wa Mwingi. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Wiki nzima yuko barabara ya Garissa, nyumbani tunamwona siku ya kanisa. Nikabaki bomani na baba mkwe na mama mkwe, na tumboni mimba yangu ya kwanza.

Joto la huko lilinishinda. Nyumba ya mabati ikishinda juani, jioni hukai ndani. Basi nikishainjika chakula nilikuwa natoa kigoda changu uani, nasokota nyuzi za mkonge. Kama hujawahi kuona kazi hiyo, nitakueleza. Unakaa, unanyoosha miguu, unapandisha nguo juu ya magoti, halafu unasokota nyuzi juu ya paja kwa kiganja. Juu ya kitambaa uzi haushiki, unataka ngozi. Nilikuwa hodari, nisikufiche. Akina mama wa kanisani walikuwa wameanza kuulizia viondo vyangu, na mimi nikajiona mtu.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni ya kwanza aliponiona nimekaa hivyo, alisimama mlangoni mwa jikoni akasema, "Funika miguu. Jua linatua."

Nikafunika haraka, aibu imenijaa. Unajua heshima ya kwetu kati ya bibi arusi na baba mkwe wake, na mzee alikuwa pale uani akichonga mpini wa jembe. Nikaona kweli nimekosa adabu. Lakini mzee alipoondoka kwenda kufungia mbuzi, nikapandisha nguo tena nikaendelea na kazi yangu. Kesho yake, maneno yale yale. Siku zikapita hivyo. Hata siku mzee alipokuwa safarini na uani tuko wanawake wawili tu, bado aliniambia nifunike miguu. Hapo nikakasirika kabisa. Nikasema moyoni, huyu mama ananiona sikulelewa. Mume wangu aliporudi nikamlalamikia kwamba mama yake ana kazi moja tu duniani, kuchunga mapaja yangu. Alicheka mpaka nikamnyima chai.

Na kama mtu angenitajia mbu, ningemwonyesha neti yangu kwa majivuno. Mume wangu aliinunua Mwingi mjini, na kila usiku niliichomeka chini ya godoro vizuri pande zote. Nilijua hayo ya mbu nimeyamaliza.

Nilipoanza kuumwa, nilikuwa nimenyeshewa siku iliyotangulia nikitoka kuchota maji kwenye mashimo ya mchanga kule mtoni. Kwa hiyo nikasema ni mvua. Kichwa kinagonga, viungo vimelegea, na natetemeka kwa baridi mchana wa jua kali. Kwetu Kikima homa ya mvua tuliiondoa kwa uji na chai ya tangawizi, basi nikajifunika blanketi nikangoja ipite.

Mama mkwe aliingia akanikuta hivyo. Watu wote hugusa mgonjwa kwenye paji la uso. Yeye aliweka mkono tumboni kwangu kwanza. Hakuniuliza kitu. Alitoka nje nikamsikia akimwambia mzee afunge punda kwenye mkokoteni, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Tukaenda zahanati, mimi nimelala juu ya magunia, kichwa kiko mapajani pake.

Muuguzi alikuwa mama mnene, mpole, wa kwetu kabisa. Alinitoa damu kidoleni akapima. Malaria. Akatuambia wazi kwamba ugonjwa huo ukimshika mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula, na mimba inaweza kutoka. Nikaanza kulia.

"Na neti, unalalanga kwa neti?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Sawa. Na kabla ulale, unakuwanga umekaa wapi?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Nje. Miguu wazi. Nimemwambia mpaka nimechoka."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Sasa sikia, mwanangu. Huyu mbu wa malaria si lazima angoje upande kitanda. Giza likianza kuingia ameshatoka, na mtu akiwa ameketi nje yeye anashuka anamuuma miguu. Na mama mwenye mimba anampenda zaidi. Usiniambie ni mvua ya jana. Yule alikuuma ni kitu ya wiki mbili hivi zimepita, na kabla akuume wewe alikunywa damu ya mtu mwingine ako na malaria."

Hapo ndipo nilipoelewa yale maneno ya kila jioni, mwanangu. Nilimgeukia mama mkwe, naye alikuwa anatazama tumbo langu tu.

Dawa nilimeza zote. Homa ilishuka, lakini mtoto alikuwa ametulia kupita kiasi, na mimi sikuthubutu kulitaja hilo. Mama mkwe aliacha shamba la ndengu liliwe na ndege, akakaa nami chumbani, mkono wake tumboni kwangu, midomo ikisali bila sauti. Asubuhi moja mtoto akapiga teke. Nilihisi mimi, akahisi na yeye. Mama yule ambaye sikuwahi kumwona akitoa hata chozi la moshi, alilia mpaka leso ikalowa.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyeshika usukani. Mkonge aliniletea asubuhi, nikasokotea kivulini nyuma ya ghala mchana kweupe. Jua likianza kushuka alinipa suruali ya mume wangu na soksi, akasema, "Vaa." Bibi arusi wa kanisa, tumbo mbele, ndani ya suruali ya mwanamume. Baba mkwe alipita akaangalia upande mwingine. Majirani walicheka wakashiba. Hapo nikajua kwamba habari ya adabu haikuwahi kuwa kichwani mwa huyu mama hata kidogo. Shimo tulimotoa udongo wa matofali, ambalo lilikuwa linashika maji kila mvua ikinyesha, alilifukia mwenyewe kwa jembe, kwa sababu mbu yule hutagia kwenye maji kama hayo, yaliyotulia na yenye jua.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Tukampa jina la bibi yake. Lakini hiyo haikuwa shukrani yangu, ni desturi yetu, hata mama mkwe mbaya hupewa. Siku moja alikuwa akimwogesha mtoto kwenye karai, akaanza kuongea bila kunitazama. Akaniambia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alikuwa na mimba nyingine. Naye alikuwa akisokotea nje jioni kama mimi. Akashikwa na homa, mimba ikatoka. Miaka mingi baadaye, akimpeleka mtoto wake mwingine kliniki, ndipo alipoelezwa sababu.

Nikamuuliza, "Mwaitu, kwa nini hukuniambia?"

"Mwenye mimba haambiwi habari ya zile zilizotoka. Nitakutisha nayo aje? Nilikuwa na neno moja tu la kukuambia, nikakuambia."

Nilipiga magoti pale pale kwenye maji ya kuogesha mtoto, nikamwambia asante. Mwaitu ni mama, na siku hiyo nilimwita hivyo nikimaanisha. Akaniinua kwa mkono wenye sabuni akasema, "Mimi asante nimesikia. Sasa ipeleke kwa mwingine, yule bado anakaa huko nje."

Ndiyo maana nakusumbua, mwanangu. Jua likitua funika miguu, au ingia ndani. Vaa suruali ndefu, vaa soksi, wacha wacheke. Neti usiiache, ni yako ya usiku, lakini jioni iko mikononi mwako, na alfajiri pia unapotoka mapema kwenda kukamua. Maji yaliyosimama karibu na nyumba, yafukie. Ukipata homa, usisingizie mvua wala maembe uliyokula. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na dawa uzimalize hata ukijisikia mzima, kwa sababu ukibaki na ugonjwa mwilini mbu atautoa kwako aupeleke kwa jirani. Ukiwa na mimba, anza kliniki mapema. Na siku utakapomwonya mtu mdogo, mpe na sababu, usimpe amri peke yake. Mama mkwe wangu alifungwa mdomo na desturi, na mimi nikakaribia kumpoteza mtoto nikidhani nagombezwa kwa ajili ya mapaja. Wewe hujafungwa mdomo, sema.

Mungu akulinde jioni na alfajiri. Akujalie watoto wanaorusha mateke. Na akuwekee karibu mtu mmoja wa kukusumbua kwa upendo, akupe na moyo wa kumshukuru akiwa bado anasikia.